Askari Amekula Ushahidi

Watu hudhani ukikaa Nakuru mboga inajimea tu, ati juu ukitoka town kidogo kila mahali ni shamba. Sawa, njoo Julai. Kuja na sweta. Baridi ya huku ikishuka usiku sukuma inavumilia, spinachi inavumilia, dania hata ni kama inafurahi, lakini saga, ile wengine huita mgagani, ni mboga ya joto, ukiipanda nje mwezi wa saba inatoa vijani viwili halafu inasimama hapo hivyo, haifi na haikui, kama mgeni ameambiwa angoje kidogo mwenye nyumba anakuja. Na mimi saga ndio nataka. Nimelelewa Kisii, kwetu tunaiita chinsaga, na wiki ikiisha bila saga naanza kugombana na watu.

Nakaa ploti moja Free Area, nyumba ya chini, na pale nyuma kwa kamba za nguo ndio shamba langu: magunia, ndoo zilizopasuka, na beseni moja jirani alitupa. Tulifanywa jiji Desemba 2021, mimi nikaendelea kulima tu. Na kuwa na mboga mwaka mzima si uchawi, ni kutopanda zote siku moja. Kila baada ya wiki mbili namwaga mbegu kidogo, hii ikizeeka ile inaanza kuchumwa. Saga ukiona imeanza maua unayavunja mapema, la sivyo itatoa yale maganda membamba marefu, majani yaishe, ubaki na mbegu. Na haipendi kuhamishwa, mzizi wake unashuka moja kwa moja, so unaipanda palepale itakaa.

Sasa baridi ya mwaka huo nikasema hapana, safari hii haitanishinda. Nikaingiza ndoo ndani, kwa chumba cha kulala. Mbegu ya saga inaota poa ikiwa kwa giza na joto, mwangaza unaikataza, so hizo nikazifunika na nailoni nyeusi. Dirisha nikalitundikia blanketi kuzuia upepo. Zile zimeshaota nazo zinataka mwangaza, basi nikaning'iniza balbu kubwa mbili zinawaka mpaka usiku wa manane.

Sasa jumlisha hapo. Mwanaume anaishi peke yake, dirisha lina blanketi, saa saba usiku mwangaza unachungulia pembeni, na kuna harufu, juu saga ukiigusa inanuka saga, hakuna kitu ingine naweza kusema inanuka.

Halafu simu. Simu yangu ile spika ya sikio ilikufa kitambo, kila mtu namwongelesha kwa laudi. Na ploti yetu jirani akimeza mate unasikia. Anti yangu ndiye hunitumia mbegu na matatu, na akipiga huwa hasalimii:

"Ile kitu ilifika?"

"Ilifika anti, ilikuwa imefungwa vizuri na gazeti."

"Dereva hakufungua?"

"Hakufungua."

"Sasa sikiza. Hiyo si ya juzi, hiyo nimeficha tangu Januari. Mtu akikuletea ile fresh kataa, haina kazi. Na uchanganye na mchanga ndio isiishe haraka."

Na anti alikuwa anaongea ukweli mtupu! Mbegu ya saga ikitoka tu kuvunwa huwa inalala, mpaka ikae miezi kadhaa ndio iamke, na ni ndogo sana, bila mchanga unaimwaga yote mahali pamoja. Lakini jamaa wa gorofa ya juu angejuaje? Kijana mpole, amezaliwa Nairobi akakulia Nairobi, mboga anazojua ni sukuma na kabichi, na kabichi hata yeye huiita saladi.

Mwezi wa nane hivi nikafungua dirisha hewa iingie, jamaa naye akawa amekuja kuanua nguo. Wale hamjaiona, jani la saga lina vidole vitano vimefunguka kutoka mahali pamoja. Liangalie chini ya balbu, kwa chumba cha mtu umeshamsikia na anti yake. Hata mimi ningepiga simu.

Jumamosi jioni nikasikia mlango unagongwa ile ya kugongwa na ngumi. Nikafungua na makasi mkononi, nilikuwa kwa kazi. Askari wawili, mmoja mrefu amenyamaza, mwingine kijana, kazi bado inamwasha. Nyuma yao mwenye ploti ameshika kifua, nyuma yake keateka, nyuma yake nusu ya ploti, na kule kwa ngazi jamaa wa juu anaangalia viatu vyake.

"Iko wapi?" yule kijana akauliza.

"Gani?" nikauliza.

Usijibu askari hivyo. Inasikika kama ziko nyingi.

Wakaingia. Kijana akavuta ile nailoni nyeusi, akaona chini kuna trei na ndoo zimepangwa foleni, akavuta pumzi. Akaangalia balbu. Akaangalia blanketi. Juu ya meza kulikuwa na vikaratasi nimefungia mbegu, nimekunja vizuri vizuri, akakichukua kimoja akakiinua juu kila mtu aone.

"Unauzia nani?"

"Siuzi afande, nagawia watu. Ni vile tu kuna mama mmoja wa kanisa huwa ananipa mia."

"Wa kanisa?" mwenye ploti akasema, akatafuta ukuta wa kuegemea.

Nikaanza kueleza ni mboga, lakini jaribu kueleza kitu watu kumi na pingu wakikuangalia, kila neno linatoka na jasho. Yule kijana akatoa simu akagoogle picha ya bangi, akaiweka kando ya jani langu, watu wakasukumana waone. Mwenye ploti bila miwani akainama akaangalia, akasema "ni hiyo hiyo." Hakuna mtu alimuuliza.

Ndio yule mrefu akasogea. Hakuwa amesema kitu tangu waingie. Akachuma jani, akalinusa, akalipangusa na kidole, akalitia mdomoni akaanza kutafuna.

"Afande!" kijana akapiga nduru. "Afande umekula ushahidi!"

Mrefu akaendelea kutafuna tu, macho amefunga. Akameza. Akasema polepole, "Hii ni chinsaga."

Nikataka kumkumbatia lakini ana bunduki. Halafu akanigeukia uso umekauka kabisa: "Lakini mbona umezipanda karibu karibu hivi?"

Haki ya nani, hapo ndio kesi ilianza. Ati nipunguze, ile ya katikati ning'oe nile ikiwa changa, hizi zingine zipumue. Ati hii ua hapa nangoja nini, na akalivunja mwenyewe, akavunja na lingine, bunduki anaisukuma mgongoni ikimsumbua. Kijana akajaribu kusema lakini afande majani ni matano, mrefu akashika mkono wake kama mwalimu wa nasari, akapitisha kidole chake pembeni ya jani. "Bangi hapa pembeni ina meno. Hii ina meno? Sikia. Ina meno?" Kijana akasema haina.

"Lakini lazima tubebe sampo," kijana akasema. Alikuwa ameshaambia watu kwa redio, sasa atarudi na nini.

"Tubebe," mrefu akasema, akaniomba mfuko. Nikampa ule wa khaki wa unga, akachuma sampo ya watu sita. Akichuma ananifundisha kupika, chemsha pole pole, mwaga maziwa, ilale, kesho ndio uile. Hayo nilijua kabla sijaota meno lakini nilikuwa naitikia "ndio afande" kwa kila sentensi.

Shida ikawa ni vile walitoka. Wale wa nje hawakusikia mambo ya chinsaga, walichoona ni askari wameingia kwa hasira na wametoka na mfuko umejaa, yule mkubwa ananisalimia na mikono miwili anacheka, ananiambia "Jumamosi nitapita." Na alipita. Tena bila uniform, na mfuko wake.

Basi hiyo ikawa imeisha. Keateka akaanza kusimama nikipita. Kodi yangu ikachelewa, mwenye ploti akaniambia hakuna haraka, watu wa biashara anawaelewa. Jamaa wa juu akakuja kuomba msamaha, akakaa, akanywa chai, halafu akauliza kwa sauti ya chini huyo afande huwa namtoa ngapi kwa mwezi.

Usiku mmoja nikabishiwa na kijana amevaa hudi mpaka puani. "Niko na soo," akasema. Nikamwangalia, nikaangalia saga zangu zilikuwa zinataka kuchumwa, nikamfungia fungu moja kubwa.

Kesho yake jioni huyo tena. Nikajua leo ni ngumi.

"Buda, hiyo kitu yako imenikohoza usiku mzima."

"Kwani uliifanyia nini?"

"Nilikausha kwa sufuria nikaifunga."

Nikakosa la kusema.

"Halafu ile ilibaki mathe akaipata chini ya kitanda."

"Akasema?"

Akatoa noti mbili za mia. "Amesema leo uongeze. Na kama uko na managu pia uweke."