Ule utando mweupe hautoki kwa baba yake

Mtoto wa dada yangu kajifungua wiki iliyopita, salama salimini, mtoto wa kike. Nikenda kumtazama na chupa yangu ya uji wa pilipili manga, nikamkuta analia. Nikadhani mshono unamuuma. Wala. Analia kwa fedheha. Mtoto alipotoka tu, kitovu hakijakatwa, mhudumu mmoja wa huko alikozalia alimnyanyua juu akawaonesha wenziwe: "Hebu mtazameni huyu! Wazazi wake hawakupumzika hata siku moja." Wenziwe wakaangua kicheko. Na mjamzito wa kitanda cha pili naye kacheka, na tumbo lake mwenyewe liko puani.

Kosa la mtoto? Katoka na utando mweupe mgongoni na kwenye mapaja. Na watu husema eti hizo ni mbegu za baba, kwa kuwa wazazi walikutana wakati wa mimba.

Nyumbani mkwewe akaja kumalizia. Hakusema kitu, na afadhali angesema. Alichemsha maji, akachukua kitambaa na sabuni, akamsugua mtoto wa saa chache mpaka akawa mwekundu, huku anaguna.

Sitaitaja hospitali, kwani nikiitaja nitakuwa nimeionea peke yake. Maneno haya yamezagaa Unguja na Pemba, mjini na shamba, kwa waliosoma na wasiosoma. Kila mmoja wenu anayesoma hapa kashayasikia, na baadhi yenu mmeshayasema.

Basi tuelewane. Utando ule ni wa mtoto mwenyewe. Ngozi yake ndiyo inayoutengeneza, kuanzia kati ya mimba: mafuta ya ngozi, chembe za ngozi zilizobanduka, vinyweleo, na sehemu kubwa kabisa ni maji. Wewe ukifua nguo za nyumba nzima asubuhi moja, vidole vinakunjamana. Mtoto anakaa majini miezi. Ndiyo maana kapewa mafuta yake mwenyewe yamkinge, na hata akishatoka yanaifanya ngozi isikauke na yana vitu vinavyopambana na vijidudu. Hiyo ndiyo "aibu" iliyochekewa wodini.

Na mbegu za baba zipite wapi? Mlango wa kizazi umezibwa na ute mzito, na nyuma yake mtoto yumo ndani ya chupa yake ya maji, haijapasuka. Niambieni njia. Na mke wa mvuvi ambaye mumewe yuko dago, kambi ya wavuvi, tangu kaskazi, na yule ambaye wake yuko Maskati anatafuta riziki tangu mimba haijaonekana, watoto wao wanazaliwa na utando huohuo. Sasa tuseme nani alikuja usiku? Mkiishika hesabu yenu hiyo mtavunja ndoa za watu wasio na hatia. Wanaozaliwa kwa upasuaji nao wanao. Anayewahi kidogo kabla ya siku zake huwa nao mwingi, na aliyepitiliza hutoka mkavu, ngozi inambanduka. Kwa elimu ya wodini, basi, wazazi wa huyu aliyepitiliza ni mawalii.

Ningecheka na mimi, lakini kuna madhara. Mama anayeamini kuwa mwanawe katoka na uchafu wa kitandani atataka uondolewe haraka, usugulike, usibaki hata alama. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto asiogeshwe mpaka zipite saa 24. Apanguswe, akaushwe, afunikwe, alazwe kifuani kwa mamake. Mtoto mchanga akiloweshwa mapema anapoteza joto, na kwa mwenye uzito mdogo baridi hiyo si jambo la mzaha. Adhana nayo haisubiri maji ya moto, mtoto anaadhiniwa vile alivyo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wazee haohao wanaosema baba anamchafua mtoto, mimba ikifika mwezi wa tisa, humwita mume kando: "Sasa mfungulie njia mwenzako." Ala! Jana mlikuwa mnamchafua mtoto, leo mnamfungulia njia? Na hilo la kufungua njia nalo tafiti hazijalithibitisha, kwamba watu wakikutana ndiyo uchungu utakuja. Wenye mimba salama wakutane kwa sababu wanapendana. Wasifanyishwe kazi ya sindano ya uchungu.

Matokeo ya haya yote tunayaona. Kijana kaoa Mfunguo Mosi, Mfunguo Nne ashahamia kwenye kochi. Anaogopa atampiga mtoto kichwani. Mmoja alinambia hivyo, kwa uso mkavu, na ana shahada. Nikamwambia: mwanangu, usijikweze. Uume unaishia ukeni. Mtoto yuko ndani ya nyama nene ya mji wa mimba, ndani ya maji, nyuma ya mlango uliofungwa. Hamfikii. Mke akifika kileleni tumbo linaweza kukaza kidogo, likawa gumu kwa dakika chache, kisha likalegea. Hilo si uchungu, na kwenye mimba isiyo na tatizo halimtoi mtoto.

Lakini nani kamwambia? Kungwi alimfundisha mke. Yeye mume alifundishwa na baraza, kati ya kahawa na bao. Kwa hiyo anahama chumba, mke anadhani kachukiza kwa sababu kanenepa na uso umemtoka madoa, mume anadhani anafanya wema, na hakuna anayefungua mdomo. Baada ya miezi sita tunasikia bwana kaongeza mke, tunasema "wanaume ndivyo walivyo". Wengine ndivyo walivyo kweli, sibishi. Wengine waliogopeshwa.

Msinijie na dini, maana dini imeshasema wapi pa kusimama. Hedhi, nifasi, mchana wa Ramadhani, ihramu. Mimba haimo. Na iko hadithi ya Judama bint Wahb, ndani ya Sahih Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikaribia kukataza watu kuwaingilia wake zao wanaonyonyesha, kisha akakumbuka kuwa Warumi na Waajemi wanafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Hakukataza. Alitazama hali ya watoto. Sisi hatutazami chochote, tunarithishana tu, na neno la kubemenda mtoto, eti anadhoofika wazazi wakikutana naye ananyonya, linatembea mpaka leo na miguu yake miwili.

Haya, nakubali, kwa shingo upande: wazee hawakutunga hofu hii kutoka hewani. Waliona wanawake wakivuja damu, wakaona mimba zikitoka, na hapakuwa na altrasaundi wala daktari wa kuwaambia kwa nini. Anayeishi Makangale au Micheweni, kaskazini ya Pemba, na damu imeanza saa nane za usiku anajua kwamba barabara ni ndefu. Tahadhari yao ilikuwa na maana yake. Tatizo ni kwamba imegaiwa kwa kila mtu sawasawa, na ukigawa katazo kwa kila mtu, wenye sababu ya kukatazwa hawajulikani tena. Yule aliyeambiwa "usikutane na mumeo" na daktari na yule aliyeambiwa na jirani wanaonekana ni wamoja, na wote wawili watapuuza siku moja, kwa sababu wameshaona watu chungu nzima waliopuuza na hawakupatwa na kitu.

Na wenye sababu wapo. Kondo la nyuma likiwa limekaa chini limeufunika mlango wa kizazi, hapo hapana mjadala, kitu kikiugusa mlango damu inaweza kuja nyingi ya kutisha. Chupa ikishavuja au kupasuka, basi, kwani vijidudu vimefunguliwa mlango. Mlango wa kizazi unaofunguka mapema au ulioshonwa, damu inayotoka bila kujulikana sababu, aliyewahi kuzaa mtoto njiti, dalili za uchungu kabla ya wakati: hawa wote waulize kabla, wasubiri jibu, na jibu likiwa hapana liwe hapana, mume asikie kwa masikio yake. Matone kidogo baada ya kukutana yanaweza kutokea kwa sababu mlango wa kizazi wakati wa mimba umejaa damu na unachubuka upesi, lakini usijitibu kwa kujifariji. Nenda ukaangaliwe. Damu nyingi, maji, au tumbo linalokaza na kuachia bila kukoma, usingoje asubuhi.

Waliobaki, ambao ndio wengi, shida yao ni starehe tu, na hapa makungwi nawapa haki yao. Wangu alinambia mapema: "Tumbo likikua, lala ubavu, mto chini ya tumbo, bwana awe nyuma. Au panda wewe, uende kwa kiasi chako." Shoga yangu mkunga akaniongezea sababu: mimba ikishapita wiki 20 hivi, ukilala chali muda mrefu uzito unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, kichwa kinazunguka, unatoka jasho. Kwa hiyo kungwi alikuwa sahihi, ingawa hakujua mshipa unaitwaje.

Ila haohao makungwi na shabu yao, lile jiwe la kujikazia uke! Mja mzito na shabu wapi na wapi? Kujikausha na kujibana kunachubua, na palipochubuka ndipo maradhi yanapoingia. Acheni. Maji matupu yanatosha. Na udi, jamani, miezi mitatu ya mwanzo mwoneeni huruma. Bwana mmoja alinunua udi wa bei mbaya amfurahishe mkewe, chumba kizima kikafuka, mke akatapikia mkeka. Bwana kanuna siku mbili. Angemuuliza tu.

Kuuliza kwenyewe ndiko kugumu. Kuna mwanamke ambaye mimba inampa hamu asiyoijua, mumewe anashangaa, na kuna ambaye hata mkono wa mume begani unamtia kichefuchefu. Matiti yanauma, usingizi unamshinda baada ya Isha. Hadithi ya malaika wanaomlaani mke anayekataa anaijua kila mume, hata asiyemaliza juzuu ya kwanza. "Kaeni nao kwa wema" ni aya, na sijui kwa nini haikaririwi kwa kasi ileile. Siku mke hawezi, kuna kukandwa miguu, kuna kusuguliwa mgongo kwa mafuta ya nazi, kuna kulala mmekumbatiana mkazungumza jina la mtoto. Si kila ukaribu lazima ufike mwisho wake.

Nimetaja mafuta ya nazi: kwa mgongo sawa, na kondomu hapana, yanaipasua. Ndiyo, nimesema kondomu, ndani ya ndoa, Zanzibar. Mwenye nyumba mbili, au mwenye safari zake tunazozijua na kuzinyamazia, akapime pamoja na mkewe, na mpaka ajulikane yuko vipi atumie. Kaswende inaua mtoto tumboni. Mama akiambukizwa virusi vya UKIMWI katikati ya mimba, virusi vinakuwa vingi mwilini na hatari kwa mtoto inapanda sana, wakati kipimo chake cha mwanzo kilisema hana. Maambukizi kwetu yako chini ya asilimia 1, na wengine wanaifanya hiyo kinga. Asilimia haivaliwi.

Sasa niseme ninachotaka, na nakitaka kwa kliniki zote. Mama anapimwa damu, mkojo, presha, anaulizwa kala nini, anaambiwa alale ndani ya chandarua. Neno la unyumba haliulizwi. Mume yuko nje juu ya Vespa yake, anasubiri kuitiwa pesa ya dawa. Mwiteni ndani. Dakika tatu zinatosha: mimba yenu iko hivi, mnaweza kukutana, au hamuwezi na sababu ni hii, mkiona damu au maji mje. Mkunga akiona haya, aandike kwenye kitabu cha kliniki, maana wapo wanaume ambao wakisoma wanatii kuliko wakiambiwa. Na wanaosimama wodini wakati mtoto anatoka, kama hamna la heri la kumwambia mzazi, mhesabieni mtoto vidole mnyamaze.

Baada ya kuzaa tena ni hesabu nyengine. Arobaini ni ya kupumzika, damu ikate, mshono upone, na hata hapo mke ndiye atakayesema yuko tayari. Mjue tu kwamba mimba inaweza kurudi kabla hedhi ya kwanza haijaonekana, ndiyo mnaona watoto wanafuatana mwaka na miezi. Hayo ya uzazi wa mpango nitayaleta siku nikiwa sina hasira, kwa sababu huko nako kuna watu nina maneno nao.