Usiwashe!

Kosa lenyewe lilikuwa neno moja kwenye skrini ya seva, kompyuta inayocheza filamu ukumbini: "mwanzo" mahali palipotakiwa kuwa "mwisho". Mengine yote yaliyotokea usiku ule ni wajukuu wa neno hilo.

Msambazaji wa filamu alikuwa ametuomba ripoti ya jinsi watazamaji watakavyoipokea filamu yake mpya ya shujaa mwenye nguvu za umeme: wanacheka wapi, wanapiga makofi wapi, wanalia wapi, dakika na sekunde. Marekani kazi ya namna hii ina wenyewe. Kampuni ya CinemaScore imekuwa ikiwauliza watazamaji usiku wa kwanza tangu 1979, wakiwa bado hawajatoka ukumbini, nao wanaipa filamu alama kuanzia A+ hadi F. Sisi tulikuwa na mimi, fundi wa projekta, na daftari.

Nilijiona nafaa. Naijua hadhira ya usiku wa kwanza. Hawa ni watu waliohesabu siku, wanamshangilia steringi kabla hata sura yake haijaonekana, kiatu tu kinatosha. Mzaha unaoangusha ukumbi Ijumaa usiku, Jumanne mchana unapita kimya mbele ya watu saba. Kwa hiyo kila "makofi" ya usiku wa kwanza nayapunguza nusu kichwani kabla sijayaandika.

Filamu siku hizi haiji kwenye mikanda. Inakuja kama rundo la mafaili, mara nyingi zaidi ya gigabaiti mia moja, yamefungwa kwa ufunguo wa kidijitali unaofanya kazi kwenye seva moja tu, na kwa saa zilizopangwa tu. Ufunguo wetu ulianza kazi nusu saa kabla ya onyesho. Maana yake sikupata nafasi ya kuijaribu filamu mwanzo hadi mwisho. Nilichokuwa nacho ni karatasi ya maelekezo ya mafundi: urefu, saa 2 na dakika 12, majina ya watengenezaji yanaanza zikibaki dakika 9 na sekunde 40, kuna kipande cha filamu katikati ya majina na kingine mwisho kabisa, basi msiwafukuze watu. Chini yake, kwa herufi nzito: shujaa anapokufa skrini itakuwa nyeusi na kimya kwa sekunde 11. Si hitilafu. Msiguse kitu.

Onyo hilo lina sababu. Mwaka 2017 kumbi kadhaa za Marekani zilibandika matangazo kuwaeleza watazamaji wa Star Wars: The Last Jedi kwamba pale sauti inapokatika, imekatwa makusudi. Mtu akilipia filamu ya milipuko kisha asikie kimya, anajua spika zimekufa.

Basi nikapanga orodha ya onyesho: matangazo, trela, filamu. Kwenye filamu nikabandika amri ya kujiendesha: majina yakianza, washa taa zote, shusha sauti. Ukiweka amri kama hiyo, seva inakuuliza mambo mawili: muda, na muda huo uhesabiwe kutoka mwanzo wa filamu au kutoka mwisho. Nikaandika 9:40. La pili seva ilikuwa imeshanijazia yenyewe, nami sikulisoma.

Nikaenda kukaa theluthi mbili ya njia kutoka kwenye skrini, katikati, mahali ambapo sauti ya ukumbi hupimiwa. Sauti nilikuwa nimeiweka 6. Kiwango rasmi ni 7, lakini ukikiweka watu wanakuja kulalamika. Ukumbi ukijaa inabidi upandishe kidogo, kwa sababu miili na nguo za watu hunywa sauti, hasa zile nzito. Nikafungua daftari.

Dakika ya tisa. Mji wote uko gizani. Steringi, ambaye bado hajui kwamba ni steringi, anatambaa hadi kwenye nguzo ya umeme. Anaweka kiganja. Anafumba macho. Mji unawaka.

Na ukumbi ukawaka.

Taa zote. Za dari, za ukutani, za ngazi. Watu mia tatu walipigwa na mwanga kwa wakati mmoja na steringi, mdomo wazi, mikono kwenye bisi. Nikangoja matusi. Yakaja makofi! Watu walisimama, mmoja akapiga mluzi, wa mbele yangu akamwambia mwenzake, "Hiyo ndiyo teknolojia."

Shida ni kwamba amri ilikuwa pia imeshusha sauti, kwa hiyo shujaa aliyetoka kuwasha mji mzima akaanza kunong'ona. Mtoto mmoja akauliza, "Baba, mbona anaongea kama anaogopa?"

Nilipanda chumba cha projekta ngazi mbilimbili. Orodha ikiwa inacheza seva haikubali kuhaririwa. Unachoweza ni kuzima taa kwa mkono, kurudisha sauti, na kuomba Mungu. Nilifanya yote matatu. Lakini amri ikishatumika imetumika: mwisho wa filamu hakuna kitakachowasha taa. Nikamweka kijana ninayemfundisha kazi kwenye swichi, nikamsomea karatasi nzima, nikasisitiza zile sekunde 11: atakufa, giza, kimya, usiguse, atafufuka. Akaitikia, "Nimekupata, kaka." Nikachukua redio ya upepo, nikachomeka waya wa sikioni, nikarudi kwenye kiti na daftari langu.

Saa moja na ushee mambo yalikwenda vizuri, na nakiri nilianza kufurahia. Unajifunza vitu. Kicheko kikubwa hula maneno yanayokifuata, ndiyo maana wahariri wazuri huacha nafasi baada ya mzaha, mhusika ananyanyua kikombe, anatazama pembeni, mpaka watu wamalize. Filamu hii ilikuwa na vikombe vingi. Kicheko kilikuwa kinaanzia palipojaa na kusambaa. Pembeni, kwenye viti vitupu, watu walikuwa wanacheka nusu sekunde baadaye, kwa kuambukizwa.

Dakika ya 108, adui akamchoma steringi kifuani. Akaanguka. Mama yake akamshika. Muziki ukashuka, ukashuka, ukaisha. Skrini nyeusi. Mtu akavuta kamasi. Kushoto kwangu mwanamume mwenye mabega kama kabati alikuwa ameziba uso kwa kofia.

Nilipoinama kuandika "wanalia", waya wa sikioni ukanasa kwenye mkono wa kiti na kuchomoka kwenye redio. Ukiuchomoa waya ule, sauti inahamia kwenye spika ya redio yenyewe. Na spika ya redio ya upepo imetengenezwa isikike penye kelele.

"KAKA, STERINGI NDIYO KAFA. HIZI NDIZO ZILE SEKUNDE 11 KABLA HAJAFUFUKA, AU NIWASHE TAA?"

Sijawahi kusikia kimya kikibadilika kuwa kimya cha aina nyingine. Watu mia tatu walikuwa wananitafuta kwa masikio.

Nikakamata redio, nikabonyeza na kusema hapohapo: "Usiwashe!"

Kila mtu aliyefanya kazi na redio hizi anajua kwamba ukibonyeza kitufe lazima uhesabu moja kimoyomoyo ndipo uongee, kwa sababu inachukua muda kidogo kabla haijaanza kurusha. Usipongoja, mwanzo wa neno lako unabaki mdomoni. Kijana hakusikia "usi". Alisikia "washe".

Akawasha.

Nyuso zote zilizolowa machozi zikawa hadharani. Mwenye kofia akabaki ameishika hewani. Ndipo yule mtoto wa mwanzo akapaza sauti: "Sekunde 11 tu? Si nilisema steringi hafi!" Akaanza kuhesabu. "Tano! Nne!" Kwenye "tatu" safu yake ilikuwa naye. Kwenye "mbili" ulikuwa ukumbi mzima. Kwenye "moja" steringi akafumbua jicho, cheche zikamtoka puani, na pakapigwa kelele ambazo nilizihisi kwenye meno.

Sentensi aliyoitamka alipofufuka, ile ambayo filamu nzima ilijengwa juu yake, hakuna aliyeisikia. Wahariri hawaachi kikombe baada ya ufufuo.

Majina yalipoanza sikumwona hata mmoja akinyanyuka. Kwa kawaida wapo wanaotoka; mazoea ya kubaki yalishika sana baada ya Iron Man ya 2008 kumleta Nick Fury, mkuu wa majasusi, majina yakiwa yameisha na viti vimeshaanza kuachwa, lakini kibofu nacho kina mazoea yake. Usiku ule walibaki wote. Walikuwa wanangoja kuona taa zitafanya nini.

Kijana alinieleza kwa unyenyekevu, "Kaka, nilijua unasema washa, nikadhani haraka ndiyo imekufanya useme washe." Sikuwa na la kumjibu.

Ripoti niliiandika kwa uaminifu wa kadiri nilivyoweza: dakika ya 9 na sekunde 40, makofi ya kusimama, dakika ya 108, wanalia, kisha wanahesabu kwa sauti. Siku tatu baadaye msambazaji akajibu. Alisema sehemu hizo mbili hazijapokelewa hivyo kwenye ukumbi mwingine wowote, akauliza kama tuna hakika tulipewa nakala ileile, na katika dakika ya 108 watu walikuwa wanahesabu nini.

Meneja alinijibia mwenyewe, bila kunishirikisha. Aliandika kwamba ni ubunifu wa ukumbi wetu. Kisha akapanda juu, akanitaka niuonyeshe katika maonyesho yote ya Jumamosi.

Kwa hiyo amri nimeibandika upya, bila ya kushusha sauti safari hii: taa zote, 9:40, kutoka mwanzo. Nimesoma mara tatu. Ya dakika ya 108 sijaipanga. Meneja anasema ile ifanywe kwa redio.