Shimba Hills: tutembee au tubaki garini?

Kutoka kisiwani Mombasa hadi hifadhi ya wanyama ya Shimba Hills ni kilomita thelathini na kitu. Unavuka feri Likoni, unapanda matatu ya Kwale, Kombani inakata kulia na barabara inaanza kupanda. Joto la pwani linabaki nyuma. Ni matembezi ya siku moja kamili, jioni umerudi nyumbani.

Tatizo ni getini. Ndani kuna tembo, kwa hiyo hifadhi inazungukwa kwa gari. Matembezi yanayojulikana zaidi ni ya kushuka hadi Maporomoko ya Sheldrick, kama kilomita mbili, mkiongozwa na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mwenye bunduki. Hata hapo, lazima kwanza uwe na gari la kukufikisha njia inapoanzia. Ndiyo maana sisi wapenda kutembea tumegawanyika: wengine wanataka njia za miguu ziongezwe, wengine wanasema hapana.

Wanaosema hapana hawana woga wa bure. Tembo wa Tsavo unamwona akiwa mbali kwenye vumbi jekundu. Wa Shimba anaishi msituni, na msitu huo ni mzito kiasi kwamba anaweza kusimama hatua ishirini kutoka kwako usimwone. Safari yangu ya mwisho tulikuta kinyesi njiani. Askari aliinama, akakigusa kwa nyuma ya vidole, kikawa bado na joto. Akainua mkono. Watu kumi na wawili tukanyamaza kama tuko msikitini, tukisikiliza matawi yakivunjika upande wa chini. Tulisubiri mpaka upepo ulipogeuka. Bila yule askari tungeendelea kupiga soga na kushuka moja kwa moja hadi tembo walipokuwa.

Tena hapa tembo na watu wamegongana kwa miaka mingi. Mwaka 2005 tembo 150 walihamishwa kupelekwa Tsavo Mashariki, kwa sababu walikuwa wamelilemea eneo na mashamba ya jirani yalikuwa yanaliwa.

Hata hivyo hoja ya upande wa pili inanigusa zaidi. Maji ya chemchemi za Marere yanatoka milima hii na kuingia kwenye mabomba ya Mombasa. Kuna watu wamekunywa maji ya Shimba maisha yao yote na hawajawahi kuikanyaga, kwa sababu hawana gari na kulikodi kunazidi kiingilio chenyewe. Mtoto wa Kwale anaishi jirani na palahala wa mwisho wa Kenya, swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda, na hajawaona isipokuwa pichani. Hilo linaniuma.

Na kutembeza watu mahali nyeti kunawezekana. Kaya Kinondo, kule Diani, ni msitu mtakatifu wa Wadigo. Mgeni anafungwa kaniki nyeusi, anaongozwa na mwenyeji, anaambiwa asichopaswa kugusa, na wenyeji wanapata riziki. Ni kweli Kinondo haina tembo, lakini fundisho la kuingia kwa adabu na mwongozaji linahamishika.

Ugumu uko kwenye kuchagua njia. Wengi wanapendekeza nyasi za juu, karibu na Giriama Point, ambako macho yanafika mbali mpaka baharini na tembo hawezi kukushtukiza. Nakubali kwamba ndiyo salama zaidi kwa mtu. Ila nyasi hizo hizo ndizo malisho ya palahala, na mnyama aliyebaki hapa tu nchini hafai kufukuzwa huku na huku na makundi ya wapiga picha. Kwa hiyo nisingekata njia mpya hata moja. Ningewatembeza watu juu ya njia ya magari iliyopo, asubuhi, kundi dogo, askari mbele na mwingine nyuma.

Na kabla ya hayo yote, ningeanza na gari moja la kuchangia, linaloondoka getini kila Jumamosi kuelekea Sheldrick. Njia ya maporomoko ipo tayari, na askari wake wanaijua.