Sio vifusi jamani, ni nyumba za watu

Kwenye makala hii ya kuhifadhi mabaki ya nyumba za mawe pale The Rocks, mtaa wa zamani wa Sydney, Australia, kuna wachangiaji hapo juu wanasema ni vifusi tu na hela inapotea bure, aisee mi sikubaliani kabisa. Hizo hazikuwa kasri za magavana, wengi waliokaa pale ni wafungwa waliosafirishwa kutoka Uingereza na Ireland kuanzia 1788, watu ambao kwenye vitabu vya historia huwaoni. Wanaakiolojia walipochimba pale 1994 walitoa vitu zaidi ya 750,000, vifungo, mifupa ya nyama waliyokula, vyombo vya kaure kutoka China, yaani mtu kaletwa na pingu halafu nyumbani kwake ana sahani nzuri kabisa, na sisi tulidhani wote walikuwa hohehahe!! Halafu hosteli iliyofunguliwa pale 2009 imeinuliwa juu ya nguzo, misingi ya mawe imebaki chini na watu wanaiona, kwa hiyo hoja kwamba ukihifadhi huwezi kujenga haina mashiko. Ila mwandishi wa makala naye, Wagadigal, wenyeji wa asili wa pale, ndo wenye ile ardhi kabla ya meli za wafungwa kufika, mbona hujawataja hata mstari mmoja?