Jiko Limeharibika Shira

Tulikuwa kambi ya Shira, Mlima Kilimanjaro, njia ya Machame, zaidi ya mita 3,700 juu, tumbo langu likagoma. Na mpishi ni mimi. Nimejikunja kwenye hema la jikoni, wagumu, yaani wapagazi wetu, wananiruka wakienda kuchota maji.

Asistenti wetu, msaidizi wa kiongozi wa msafara, alikuwa anasoma Kiingereza cha jioni pale Moshi mjini, na darasani walikuwa wamefika kwenye kanuni tamu: kitenzi ukikitia "-er" mkiani, unapata mtendaji. Teach, teacher. Drive, driver. Basi cook naye akamtia mkia. Akakimbia kwa wageni: "Our cooker has a problem!"

Wageni wenyewe Waingereza, na kwao cooker ni jiko. Mpishi ni cook, basi, hana mkia. Mzee mmoja, fundi mstaafu, akasema msihangaike, akachukua plaizi yake akaja. Ndani hapapenyeki kwa ndoo na mizigo, kwa hiyo akabaki mlangoni anauliza, asistenti anatafsiri.

"Anauliza, gesi ipo?"

"Ipo tele." Wagumu wakaangua kicheko. Wao ndio wanaolala na mimi.

"Anasema huenda bomba limeziba."

"Tangu juzi! Mwambie tangu juzi!" Nikajua huyu si mgeni, ni daktari.

"Anauliza, mara ya mwisho kusafishwa ni lini?"

Hapo nikaona dharau. Mlimani nani anaoga?

"Haya, anasema utolewe nje kwenye mwanga, akufungue."

Nikachungulia, nikaiona plaizi. Nilitokea upande wa nyuma wa hema, tumbo lenyewe sijui nililiacha wapi.

Kiongozi mkuu alipomaliza kucheka akamkalisha asistenti chini. Cook ni kitenzi, akamwambia, na mtu ni cook vilevile. Umbo halibadiliki, unaangalia limekaa wapi kwenye sentensi. They cook, wanapika. The cook, mpishi. Kijana akaitikia kwa kichwa, ila nahisi alibeba ile nusu ya kwanza tu.

Maana tulipofika geti la Mweka, mwisho wa kushuka, wageni waligawa bahasha za tipu wakati mimi niko kwenye foleni ya choo (bomba lilikuwa limezibuka). Bahasha yangu imeandikwa neno moja tu: Cook. Asistenti akaipokea, akaisoma, akawageukia wenzake: "Jamani, wageni wanasema tupike!"

Narudi, nakuta nusu mbuzi iko juu ya makaa, hela imebaki ya chumvi, na wagumu wote wananisubiri mimi nikageuze nyama.