Mwenyewe Ataibuka

Jumapili saa tatu asubuhi, kwenye kikao cha manahodha, msimamizi wa mashindano aliinua kizibo cheusi cha plastiki tukakiona sote.

"Kimeokotwa jana jioni pale kwenye mteremko wa kushushia mashua. Cha nani?"

Manahodha tisa tukatazamana, kila mtu akatikisa kichwa. Mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kwenda likizo, nikapaza sauti: "Kitundikeni ubaoni. Mwenyewe ataibuka!"

Watu wakacheka. Kikatungwa uzi, kikaning'inizwa kando ya karatasi ya matokeo.

Mashua zetu ni katamarani za Hobie 16: mitumbwi miwili ya faiba yenye urefu wa mita tano hivi, imeunganishwa kwa mabomba ya alumini, na katikati kuna turubai la kukalia. Kila mtumbwi una tundu tezini, yaani mwisho wa nyuma, upana wa kidole gumba. Mashua ikipanda nchi kavu unafungua vizibo vyote viwili, maji yaliyopenya yatoke na hewa ya ndani isivimbe kwa jua la Mombasa hadi viungo viachie. Ukirudi majini unavifunga. Hakuna elimu nyingine hapo, hata kuku angeelewa.

Mimi na mpwa wangu tulikuwa tumegawana kazi. Yeye kizibo cha kushoto, mimi cha kulia. Jumapili asubuhi nilipita nyuma ya mashua na sahani ya mahamri na mbaazi mkononi, nikaona kizibo cha kushoto kimekazwa vizuri. Cha kulia sikukiona kwa sababu upande ule ulikuwa umebanana na mashua ya jirani. Nikajiambia, kijana huyu mzuri, kafunga vyote. Naye, kama nilivyokuja kujua, alijiambia mjomba ni mtu mzima, chake hawezi kukisahau.

Jumamosi haina masimulizi. Mbio tatu: tulikuwa wa pili, wa tatu, kisha wa pili tena. Pointi saba, na katika mchezo huu mwenye pointi chache ndiye bora. Nililala nikijiona bingwa.

Mpwa wangu alijifunza tanga ziwani Naivasha, ambako maji unayoyaacha jioni ndiyo unayoyakuta asubuhi. Mara ya kwanza alipoona hori ya Tudor imekupwa na mashua zimekaa matopeni, aliniuliza nani kang'oa kizibo. Nilimcheka mwezi mzima. Jumapili hiyo ilikuwa bamvua, na maji yalikuwa yametoka hasa: siku kama hiyo Mombasa bahari hushuka zaidi ya mita tatu, na sehemu za hori zilizokuwa na kina asubuhi na mapema huwa matope yaliyofunikwa shuka la maji.

Honi ya kwanza hulia dakika tano kabla, ya pili dakika nne, ya tatu dakika moja, kisha ya kuondoka. Muda wote huo mashua zinazurura nyuma ya mstari zikisubiri, na tundu letu lilikuwa linakunywa kwa raha zake.

Tukaondoka na upepo wa kulia. Upepo ukitoka kulia, mtumbwi wa kulia ndio wa joshini. Kawaida huinuka, na kijana hujining'iniza nje kwa waya wa trapizi kuukandamiza. Siku hiyo haukuinuka hata kidogo. Kusi ilikuwa imeamka, wenzetu wanahangaika, sisi tumetulia kama meza.

"Mjomba, mbona leo sina kazi?"

"Kazi yako naifanya mimi, kwa kana hii ya usukani. Tazama ujifunze."

Wallahi nilisema hivyo. Kumbe tulikuwa na abiria wa tatu, amekaa kimya ndani ya mtumbwi wa joshini, ndiye anayetusawazisha.

Mambo yalianza kuharibika tulipotaka kugeuza omo, yaani pua ya mashua, livuke upepo ili tubishe upande wa pili. Hobie 16 haina ubao wa kushuka majini katikati, kwa hiyo haigeuki kama tuktuk, hugeuka kama trela la kontena. Unasukuma kana taratibu. Tanga la mbele unaliacha limekazwa upande ule ule wa zamani, upepo ulisukume omo livuke. Demani ya tanga kubwa, yaani kamba ya kulikaza, unailegeza kiasi. Omo likishavuka ndipo tanga la mbele linahamishwa. Ukilifungua mapema, mashua inakwama uso kwa uso na upepo na kuanza kurudi kinyumenyume.

Tukakwama, tukaanza kurudi kinyumenyume.

"Umelifungua mapema!"

"Sijaligusa, mjomba."

Nikageuza kana kinyume, maana mashua ikirudi nyuma usukani nao hufanya kazi kinyume. Tukajaribu tena. Mara ya tatu ndiyo tukavuka, nami nimeshalaumu nyasi kwenye usukani, tanga la mbele, na mahamri saba aliyokula kijana.

Sasa upepo ukawa wa kushoto na mtumbwi wa kulia ukawa wa demanini, yaani upande unaobeba mashua nzima. Ukazama hadi maji yakatembea juu yake. Tundu lote likawa chini ya bahari. Zaidi ya hapo, mwenye upepo wa kushoto humpisha mwenye upepo wa kulia, kwa hiyo tulipisha mashua moja, ya pili, ya tatu. Nahodha wa ile ya tatu, mzee wa Mji wa Kale, alitutazama akapaza sauti: "Yakhe! Mashua yako yachechemea!"

"Angalia yako!" nikamjibu.

Tukageuza tena kurudi upepo wa kulia, na boya la juu tulilizunguka wa nane kati ya tisa, na huyo wa tisa alikuwa amekatika kamba. Tukashuka na upepo, nikahamisha tanga ili tupite karibu na mikoko na kufupisha njia. Upepo ukarudi kushoto. Hapa ndipo panapotakiwa kueleweka kuhusu maji ndani ya mtumbwi: hayakai mahali pamoja. Mashua ikipanda kinyume cha upepo hulala tezini, ikishuka na upepo hukimbilia omo. Dharuba moja ikatupiga mgongoni. Nikasikia ndani ya mtumbwi mngurumo, kama mtu anamwaga pipa, na omo la kulia likaingia majini likakataa kutoka. Mashua ikasimama ghafla. Sisi hatukusimama. Mpwa wangu alizungushwa na waya wake mbele ya mlingoti, akanipita hewani, na nina hakika aliniambia "Samahani" akipita.

Kichwangomba kamili.

Utaratibu wa kuinua mashua naujua usingizini. Legeza demani zote, elekeza omo kwenye upepo, panda juu ya mtumbwi wa chini, tupa kamba ipite juu ya ule wa juu, kisha jilaze nyuma kwa uzito wako wote. Tulijilaza. Mtumbwi wa chini ukazidi kuzama chini ya miguu yetu, na ncha ya mlingoti wa mita nane ilikuwa imejichomeka topeni kama nguzo ya stima. Boti ya uokozi ikaja, na dereva hakufanya kosa la kuuvuta kwenda juu, maana huo ungepinda. Aliuvuta polepole kwa kufuata urefu wake, ukachomoka na kilo kadhaa za tope jeusi. Ndipo mashua ilipoinuka, na ndipo mpwa wangu alipotazama tezini.

"Mjomba."

"Nini?"

"Kizibo chako kiko wapi?"

Tundu lilikuwa linatoa mapovu, kama linanicheka. Sikuwa na la kusema, nikachomeka kidole gumba. Kijana akapendekeza kiazi karai kilichokuwa kwenye mfuko wetu, lakini kiazi karai huvurugika, gumba ni imara zaidi. Kwa hiyo tulivutwa kurudi, mimi nimelala kifudifudi juu ya turubai, mkono mzima umening'inia majini, gumba ndani ya tundu, tukipita mbele ya wenzetu wote waliokuwa wanasubiri mbio za pili. Nilijaribu kuonekana kama mtu anayepumzika.

Pwani tuliinua omo tukakinga maji kwa ndoo za lita 20. Ndoo tatu na nusu, yaani kilo 70 na ushei.

Nikaenda ubaoni kinyemela, nywele zinachuruzika, nimejaa tope hadi masikioni. Kizibo kilikuwa pale pale kwenye uzi wake. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, mtu alikuwa ameshaandika: AMEIBUKA, SAA 5:40.