Mtu wa Kati Hajaondoka, Amehama

Kwa miaka kama kumi na mitano sasa nimekuwa nikisikia kwenye semina, hotuba na matangazo ya kampuni za simu kwamba teknolojia ya dijitali imemwondoa mtu wa kati. Mwandishi hahitaji tena mhariri, muuzaji hahitaji fremu ya duka wala dalali, mwanafunzi hahitaji kumsubiri mwalimu. Niliyaamini maneno hayo kwa muda mrefu, tena kwa furaha, kwa kuwa nilianza kazi nikiwa msahihishaji wa gazeti jijini Dar es Salaam na niliwafahamu watu wa kati kwa ubaya wao wote. Leo siyaamini. Ninachokiona ni kwamba mtu wa kati amehama, na huko alikohamia wengi wetu hatuna njia ya kumfikia.

Nianze na magazeti, kwa sababu ndiko nilikokulia kikazi. Ukurasa mmoja ulipita kwa mwandishi, kwa mhariri, kwa msanifu kurasa na mwisho kwangu, na kila mmoja wetu alikuwa na uwezo wa kuuchelewesha. Tulikuwa na makosa yetu, ya kiburi yakiwamo: barua za wasomaji zililala kwenye kapu wiki nzima, na habari za mikoani zilibanwa hadi zikabaki aya mbili ili tangazo lipate nafasi. Lakini namkumbuka mzee mmoja aliyeingia mapokezi na nakala yetu iliyokunjwa mara nne, kidole chake kikiwa juu ya mstari ambamo tulimwita marehemu. Hakupandisha sauti. Aliketi kwenye benchi, akasema atasubiri, na akasubiri kweli hadi mhariri aliposhuka ngazi. Masahihisho yalitoka kesho kutwa yake, ukurasa wa pili, na mzee akapewa nakala tano za kuwapelekea ndugu zake waliokwisha kuanza kupigiana simu za rambirambi.

Blogu zilipokuja zilifungua mlango ambao sisi tulikuwa tumeubana. Ndesanjo Macha alianza kublogu kwa Kiswahili mwaka 2004, na muda si mrefu mpigapicha Issa Michuzi akafuata. Watanzania walioko ughaibuni wakawa wanaziona picha za nyumbani siku ile ile, badala ya kungoja gazeti la wiki iliyopita lililobebwa na msafiri. JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni, nayo ikawapa watu wasio na ofisi wala kitambulisho cha uandishi nafasi ya kuuliza maswali ambayo vyumba vyetu vya habari viliyaogopa. Serikali haikukaa kimya: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka hata mwenye blogu ndogo alipe ada zilizofikia shilingi 2,100,000 kwa mwaka wa kwanza, na wengi wakafunga virago. Sikuzipenda kanuni zile na bado sizipendi. Hata hivyo, leseni ina ofisi na ina sahihi ya mtu, ndiyo maana mwaka ule ule wanaharakati na wadau wa habari waliweza kwenda Mahakama Kuu, Mtwara, wakapata zuio la muda.

Sasa, huyu anayeamua leo ni habari ipi ifike kwenye simu ya nani yuko wapi? Ni mfumo wa kompyuta ulioundwa mbali, unaopima ni kitu gani kitakufanya uendelee kutazama, na mfumo huo hauna mapokezi wala benchi. Mtu akitengeneza ukurasa wa mbele wa gazeti ambao gazeti halikuuchapisha, nembo na rangi vikiwa mahali pake, ukurasa huo huzunguka makundi ya WhatsApp kabla ya chai ya saa nne. Gazeti lenyewe hulazimika kuuchapisha tena ukiwa umepigwa mhuri mwekundu wa kuukana, na ule wa mhuri haufiki hata nusu ya walikofika wa kwanza. Yule mzee wetu angetangazwa marehemu kwa njia hii, sijui angeketi wapi.

Kwenye biashara jambo hili linauma zaidi, kwa kuwa linagusa mfuko. Dada yangu anauza vitenge, na kwa miaka kadhaa duka lake lilikuwa ukurasa mmoja wa mtandaoni: asubuhi anatandika kitenge juu ya kitanda karibu na dirisha, anapiga picha tatu, anaandika "bei njoo inbox", na jioni kijana wa bodaboda anapita kuchukua mizigo. Hakulipa kodi ya fremu, na wateja wake walikuwa Mwanza, Songea hadi Muscat. Nilimsifu kila mahali. Halafu alfajiri moja ukurasa haukufunguka. Kampuni yenye mtandao huo, ambayo sitaitaja, ilimpa ujumbe wa Kiingereza kwamba amekiuka taratibu za jumuiya, bila kumwambia ni utaratibu upi wala ni picha ipi. Alijaza fomu, akapiga picha ya kitambulisho chake cha taifa, akatuma, akasubiri. Jibu la pili lilifanana na la kwanza neno kwa neno. Alinipigia simu akaniuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: "Kaka, nimwone nani?"

Mwenye fremu naye hupandisha kodi, tena bila huruma, lakini unajua anakoishi na unaweza kumtuma mzee wa mtaa akamsihi. Na kuna watu wa kati wengine ambao hatuwafikirii kabisa mpaka siku watakapotuangusha. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na kwa majirani kadhaa, na Jumapili ile wafanyabiashara wengi ndipo walipogundua kwamba maduka yao yanapitia baharini.

Linganisha na pesa za simu, ambazo kwa maoni yangu ndiyo teknolojia iliyofanikiwa kuliko zote katika ukanda wetu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, na wageni wanaokuja kuichunguza husifu simu. Mimi humsifu wakala. Pale chini ya mwavuli, kwenye kiti cha plastiki, kuna daftari lililochorwa mistari kwa rula: tarehe, jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Wakala ndiye anayemsomea bibi ujumbe wa muamala, ndiye anayemwambia kijana "hilo jina siyo la baba yako, usithibitishe", na ndiye anayemshika mkono mama anayetaka kutuma fedha kwa sababu amepokea ule ujumbe wetu maarufu wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii". Asipokuwa na floti, yaani salio la kuhudumia wateja, anakuelekeza kwa mwenzake wa ng'ambo ya barabara. Mfumo mzima umesimama juu ya watu hawa, ambao kamisheni yao ni ndogo na hatari yao ni kubwa, na wakiondolewa sidhani kama misemo kama "tuma na ya kutolea" ingeendelea kuwa lugha ya kila nyumba.

Hata tozo zinaeleza jambo hilo hilo. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, watu walipiga kelele, mawakala wakapiga kelele, bungeni kukawa na maneno, na Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Haikutosha, nakubali. Lakini kulikuwa na mtu wa kumpigia kelele.

Elimu nayo haina tofauti kubwa, ingawa hapa historia yetu wenyewe ingetufundisha kama tungeikumbuka. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Redio ilikuwa ndiyo teknolojia ya siku hizo, na watu takriban milioni 2 walishiriki. Wanaosimulia husema redio ilileta mabadiliko vijijini, lakini ukitazama ilivyopangwa utaona kwamba redio ilikuwa nusu tu ya kazi. Watu walikusanyika katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefunzwa na vitabu vya kusoma. Kipindi kikiisha walijadili, kisha wakashika majembe wakaenda kuchimba vyoo.

Shule zilipofungwa kuanzia Machi 17, 2020 hadi mwishoni mwa Juni kwa wengi, tulisahau ile nusu ya pili. Vipindi vilirushwa na masomo yakawekwa mtandaoni, lakini kiongozi wa kikundi hakuwapo. Katika nyumba ya dada yangu kulikuwa na simu moja, watoto watatu na bando la wiki lililoisha siku ya tatu.

Sisemi masomo ya mtandaoni hayafai. Mpwa wangu amejifunza mengi humo, na kuna siku video imenieleza jambo ambalo mwalimu wangu wa hesabu alinichapia bila kunieleza. Mwaka jana nilimkuta mpwa huyo mezani akiirudia kwa mara ya nne video ya kugawanya sehemu. Swali lilikuwa nusu gawanya kwa robo, na kila mara alipata nusu. Video ilimwambia "geuza, kisha zidisha", naye aligeuza, akazidisha, akakosa, akairudisha nyuma kwa kidole na kuanza upya, nayo ikamwambia maneno yale yale kwa sauti ile ile ya uchangamfu. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuwa amekuja kuazima pampu ya baiskeli. Akainama juu ya daftari.

"Umegeuza ipi, mjukuu wangu?"

"Ya kwanza, Mwalimu."

"Haya, liache hilo kwanza. Nusu ya chungwa ina robo ngapi?"

Mtoto alitazama juu kidogo, akasema mbili, kisha akaanza kutafuta kifutio.